Mgeni wa Mwalimu

Tangu shule ifungwe, kwenye nyumba za walimu hapa Shishiyu nimebaki mimi tu. Asubuhi ile niliweka hadubini dirishani, nikadondosha maji ya lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe, kwenye kioo, nikaanza kulinganisha viumbe wake wa seli moja.

Mara nikawa nagombana nao kwa sauti. Paramesiamu alikuwa anakimbia, anagonga uchafu, anarudi nyuma, anakimbia tena.

"Haraka ya nini wewe? Mwenzako amiba anajivuta polepole na chakula anapata!"

Yuglena, yule wa kijani, nilimsifu. Anajitengenezea chakula kwenye mwanga, hamsubiri mtu.

"Hodi!"

Alikuwa mama Limbu, jirani yangu wa ng'ambo ya shamba la pamba, ameshika sahani mbili za michembe, vile viazi vikavu, iliyopikwa na karanga.

"Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu. "Nimekusikia unaongea na mgeni, nikasema asishinde njaa."

Aibu ikanishika. Ningemwambiaje mtu mzima kwamba nilikuwa naongea na maji ya ng'ombe?

"Ndiyo, mama, yuko ndani. Karibu ukae," nikasema, nikimvutia kiti.

"Hapana, leo sikai. Nilitaka nije nishinde na wewe, maana upweke huu si mzuri. Kumbe umepata mtu. Haya, ongeeni."

Akaniachia sahani zote mbili, akashika njia ya pamba. Niliporudi dirishani, tone lilikuwa limekauka.