Mchanga wa Baba Hajra

Mwezi wa tatu Mwanamvua aliondoka Lionja kwenda Ruangwa, kumtunza binti yake Hajra aliyejifungua. Kabla ya kupanda gari alimwonyesha mumewe, Lukumani, matuta manne nyuma ya nyumba, akamwambia neno moja tu: "Usiyaguse."

Matuta yale yalikuwa yamemchukua miaka mitatu. Udongo wa pale ni mfinyanzi mtupu: mvua ikinyesha unang'ang'ania miguu mpaka ndala zinabaki chini; jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Mwanamvua aliulisha kama mgonjwa. Samadi ya mbuzi, maganda ya karanga, mabua ya ufuta yaliyooza, majani ya mikorosho aliyoyafagia mwenyewe. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, alichomeka kidole kikazama.

Alirudi baada ya arobaini ya mtoto. Akapitiliza uani, mkoba ukiwa bado begani. Akasimama.

Matuta hayakuwapo. Palikuwa na uwanja bapa, wa kijivu, mgumu kama sakafu ya duka.

"Unaonaje?" Lukumani alikuja nyuma yake akitabasamu. "Nimekumalizia kazi. Jamaa mmoja sokoni kaniambia, udongo mzito dawa yake mchanga. Nimesomba toroli thelathini kutoka mtoni, peke yangu."

"Ukauchanganya lini?"

"Mvua ilipokatika tu. Ulikuwa laini, nikawa naukanyaga kwa miguu mpaka ukachanganyika."

"Kama fundi anavyochanganya zege."

"Eeh, hivyohivyo!"

Mwanamvua alichukua jembe, akapiga. Jembe lilidunda, mikono ikamfa ganzi hadi viwikoni. Akapiga tena. Kikabanduka kipande kimoja kama kigae. Akakiokota, akamkabidhi mumewe.

"Haya. Kajengee choo."

"Mama Hajra, nilitaka ukirudi upumzike."

Hapo ndipo Mwanamvua alipozidi kukereka. Mumewe angefanya kwa ubishi, angemgombeza hadi majirani wasikie. Sasa mtu kavunja mgongo wake kwa mapenzi, utamgombeza vipi? Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua mtandio, akajifuta uso.

"Umeomba ushauri kwa jamaa wa sokoni," alisema. "Kwangu hukuomba."

Lukumani alikiweka chini kile kipande.

Kesho yake waliumwagia ule uwanja maji, wakangoja siku mbili mpaka udongo ukawa na unyevu bila kuwa tope. Lukumani akashika sululu. Mwanamvua akalaza ubao, akasimama pembeni, na kila mara mumewe aliponyanyua mguu kukanyaga palipochimbwa, alimkemea: "Ubao! Pita kwenye ubao!" Samadi ikatoka zizini kwa Mudrik, jirani yao, kwa toroli lilelile. Tuta la kwanza liliwachukua wiki nzima. La pili walilifikisha nusu, mgongo wa Lukumani ukagoma.

Mchicha uliota kwa mabaka, mfupi, ukanyauka. Matembele ndiyo yaliyoshika, kwa shida. Mwezi wa sita Mwanamvua alichuma kiganja kimoja, akakipika kwa karanga, kikaenea watu wawili kwa kubanana.

"Msimu ujao yatakuwa mengi," Lukumani alisema akilamba vidole. "Halafu nimesikia majivu nayo—"

Mwanamvua aliweka sahani chini.

"Nakuuliza tu," Lukumani aliharakisha kusema. "Safari hii nakuuliza."

"Kidogo," alijibu. "Na nitayamwaga mimi."