Wa Kwanza Kutangaza

Mimi ndiye niliyemuua John Paul Mangeni, saa sita na dakika kumi mchana, kati ya tangazo la sabuni na bei za mahindi. Nilimuua kwa sauti yangu nzuri, ile ambayo watu wa Busia hunisifia sokoni, eti Justine akisoma kifo hata marehemu anapendeza. Baadaye alifufuka, na laiti mambo yangeishia hapo.

Nasoma matangazo ya vifo Njiapanda FM, mwaka wa tisa sasa. Msiidharau kazi hiyo. Muziki kila mtu anao kwenye simu yake, siasa anaipata bure kwenye pombe, lakini nani amefariki na anazikwa lini, hilo lazima afungue redio. Mpaka umewagawa watu wetu: shangazi yuko Uganda, mpwa yuko Kenya, na mawimbi hayaulizwi pasipoti. Redio yenye vifo ndiyo yenye wasikilizaji, na yenye wasikilizaji ndiyo inayopewa sabuni.

Zamani tulikuwa peke yetu. Kisha Fabiano, aliyekuwa meneja wetu, akagombana na mwenye redio, Mzee Osinya. Akaondoka na mafundi wawili na mtangazaji wa michezo, akafungua Radio Kilele mtaa wa pili. Ukisimama kwenye ngazi zetu unauona mlingoti wake. Osinya aliuona kila asubuhi, na kila asubuhi ulimharibia chai.

Desturi ya vifo ilikuwa moja: habari ifike kwa miguu kwanza. Watu wa ukoo wanakwenda kwa mke au kwa mama, wanamketisha, wanamwambia. Wakishalia, ndipo mmoja wao anakuja redioni na barua ya mwenyekiti wa kijiji, nami nasoma. Fabiano ndiye aliyeivunja. Alianza kupata majina moja kwa moja kutoka mochari, mke bado yuko shambani anapalilia. Watu walimlaani sana, halafu wakahamia kwake, maana binadamu ndivyo tulivyo. Basi Osinya naye akatafuta mtu wake mochari, jamaa anaitwa Ochen.

Mtaniuliza kama nilikataa. Nilinung'unika, na kunung'unika si kukataa.

Siku hiyo Ochen alipiga saa sita kamili. Lori lilikuwa limemgonga mtu wa pikipiki kwenye foleni ya malori, mpakani Malaba.

"Uso imeharibika kabisa, madam, lakini kitambulisho iko kwa mfuko," alisema. "John Paul Mangeni, ya Sikuda. Soma haraka, hata wale wengine wananipigia."

Hapo ndipo nilipojua kwamba Ochen alikuwa anakula sahani mbili.

"Tungoje nyumbani kwake waambiwe," nilimwambia Osinya, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa studio, mikono kiunoni.

"Justine, ukingoja wewe, Fabiano hangoji. Soma."

Nilisoma. Kilele walisoma dakika nne baada yetu, na Osinya akaagiza soda kwa ofisi nzima. Mimi nami yangu niliinywa.

Ilipokaribia saa nane simu ikaja kutoka Sikuda: marehemu amefika nyumbani, anaomba maji ya kunywa. Kumbe alikuwa Osukuru, anapakia magunia ya mbolea, simu yake haina chaji. Alikisikia kifo chake kwenye redio ya mama anayewapikia vibarua, akaruka juu ya bodaboda bila hata kunawa mikono.

Nilijua nimefukuzwa kazi. Badala yake Osinya alipiga meza kwa furaha. "Fabiano naye amemuua! Sasa wa kwanza kumfufua atakuwa nani? Nenda Sikuda, uingie hewani kwa simu. Nataka nisikie vigelegele!"

Nilikwenda mbio, na sitawadanganya, nilikwenda nikicheka. Moyo uliokuwa umenitoka saa sita ulikuwa umerudi mahali pake. Mtu aliyemtangaza maiti halafu akaambiwa si maiti, huyo anajua furaha.

Boma la John Paul lilikuwa limegeuka harusi. Turubai la matanga lilikuwa limefungwa upande mmoja, upande wa pili unaning'inia, na chini yake wanawake waliokuja kulia walikuwa wanacheza na vilemba vyao vya msiba kichwani. Resty, mke wa John Paul, alikuwa ameshika shati la mumewe kwa mikono miwili. Mara anampiga kifuani, mara anamkumbatia, shati haliachii.

Aliyeshangilia kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, Norah, mke wa Kevo. Kevo ni binamu yake John Paul, na wao wanakaa upande wa Kenya. Norah aliposikia tangazo alifunga kibanda chake, akavuka mpaka na unga kilo kumi kichwani, akawa mgeni wa kwanza kufika msibani.

"Mimi ndio nimemshika huyu Resty asianguke, dada," aliniambia, jasho linamtiririka. "Nimelia mpaka sauti imeisha, kumbe jamaa anajipigia ugali Osukuru! Wacha Kevo asikie hii stori. Simu yake tu ndio iko off, lakini akifika, hatutalala kwa kicheko."

Redio ilikuwa dirishani, sauti juu, kila mtu anataka kujisikia. Niliwaomba waipunguze, maana ikikaribiana na simu inapiga filimbi. Kisha nikaingia hewani.

"Wasikilizaji wa Njiapanda, niko Sikuda, na niliyewatangazia kwamba ametutoka, huyu hapa anapumua! John Paul, ilikuwaje?"

"Mimi nilikuwa nakula," alisema John Paul, "nasikia jina yangu kwa redio. Nikaangalia sahani. Nikasema, sasa kama mimi nimekufa, hii chakula nani anakula?"

Boma zima liliangua kicheko. Nikamtaja Norah pia, nikawaambia wasikilizaji kwamba jirani mwema huyo, mke wa binamu, alivuka mpaka na unga kichwani. Akapigiwa makofi. Halafu nikauliza swali ambalo mtangazaji yeyote angeuliza.

"Na kitambulisho chako, John Paul, kilifikaje Malaba?"

Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati, ukabaki hapo. Macho yake yakamwangukia Norah, yakatoka haraka.

Osinya ametufundisha kwamba ukimya wa sekunde tano ni wasikilizaji mia wanaohamia kwa Fabiano. Nimeisikia hesabu hiyo mara nyingi hata mkono wangu unaijua bila kuniuliza. Nilimpa simu mtu aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni Norah.

"Mama Norah, hebu mshukuru Mungu hewani."

Norah hakuhitaji kubembelezwa. Aliinua wimbo wa kanisani, wenzake wakaupokea, na John Paul akanivuta nyuma ya turubai.

"Ile kitambulisho nilipatia Kevo," alisema. "Juzi. Anakuja kununua mahindi huku kwetu, maaskari wanamsumbua, Mkenya, Mkenya. Nikasema chukua yangu, si tunafanana? Pikipiki iko na yeye. Madam, ile mtu ni Kevo."

Sikumuuliza kwa nini alimpa. Huku kwetu kuazimana kitambulisho ni kama kuazimana jembe, nami mwenyewe nimewahi kuvuka Malaba kwa jina la dada yangu. Ningepaswa kulifikiria hilo saa sita. Mtu wa mpaka mzima, nasoma jina lililotoka mfukoni mwa maiti asiye na uso, na sijiulizi kama mfuko na jina ni vya mtu mmoja!

Wimbo ulikuwa umeingia ubeti wa pili. Norah alikuwa amefumba macho, simu mdomoni, na Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, zinamsikiliza akimshukuru Mungu kwa kumrudishia Resty mume. Nilipaswa kumnyang'anya simu pale pale. Lakini angeniuliza kwa nini, tena hewani. Nilisimama kama nguzo mpaka ubeti wa tatu ukaisha. Ndipo nikaichukua simu, nikawashukuru wasikilizaji, nikakata.

Osinya alipiga kabla sijashusha mkono.

"Kwa nini umekata? Kilele wamenyamaza kabisa, hawana la kusema! Rudi hewani!"

"Siwezi, Mzee." Nilikuwa nimekwenda mpaka kwenye migomba ili nisisikike. "Aliyekufa ni Kevo. Binamu yake. Mume wa huyu aliyekuwa anaimba, na hajui. Tungoje, tumwambie kwanza."

"Kevo nani?"

Nami, mjinga wa kuzaliwa, nikamtajia. Miaka tisa ya kusoma vifo imeniharibu: mtu akiniuliza nani, namtajia jina la baba mpaka kijiji.

"Sawa, Justine," alisema kwa upole, akakata.

Nilimwita Resty pembeni, nikamwambia. Aliziba mdomo kwa kitenge, akalilia humo humo. Mwanamke jasiri, yule. Tukakubaliana tumwingize Norah ndani, Resty amshike upande mmoja na shangazi mmoja wa ukoo upande wa pili, mlango ufungwe, aambiwe akiwa ameketi. Shangazi akaitwa. Hayo yote hayakuzidi dakika tatu.

Tulipotoka nyuma ya turubai Norah alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria, anamcheka mzee mmoja aliyekuwa anacheza vibaya. Na mtu mmoja, nafikiri ni shemeji yake Resty, alipoona sina simu tena sikioni aliinua mkono dirishani akaongeza sauti ya redio, wasikie kama bado wanasifiwa.

Ilikuwa sauti ya Osinya mwenyewe. Hajawahi kusoma kifo maishani mwake, na alikisoma mbiombio kama anayeuza nyanya jua likizama. "Njiapanda FM, wa kwanza kukuletea ukweli! Aliyefariki Malaba sasa amejulikana." Akalitaja jina la Kevo, lote, na la baba yake, na kijiji. "Ni mume wa Norah, ambaye mmetoka kumsikia hapa hapa akiimba."

Tulikuwa tumebakiza hatua kumi kumfikia.

Norah alikuwa bado anatabasamu, uso haujapata habari. Alimtazama yule mzee, ambaye mguu wake ulikuwa umesimama hewani. Akamtazama Resty, akaona Resty ameshalia zamani. Ndipo akaniangalia mimi, na mfuniko ukashuka taratibu mapajani mwake.

"Dada," alisema, "wakati nilikuwa naimba kwa simu yako, ulikuwa unajua?"

Nilimwambia sikujua. Ilikuwa kweli kwa ubeti wa kwanza tu.