Minyoo Wanahama

Nyumba ya Wamuyu pale Kiamunyi haikujua kufungwa. Ukipita barabarani ukasikia kicheko kimeruka ukuta, ujue chai imeiva na kuna mtu anatetwa. Mtaani walimwita Mama Lewis, na mwenye habari mpya aliileta kwake kwanza kabla haijapoa. Wiki hiyo habari kubwa ilikuwa Mama Shiko wa ng'ambo ya barabara: anamwacha bwana yake ama hamwachi? Mtaa mzima ulikaa mkao wa kula.

Lakini tangu Pasaka kulikuwa na kitu kingine cha kuvuta wageni, nacho ni samaki.

Samaki walikuwa wazo la Jamleck, mume wake, aliyesimamia shamba la viazi huko Mau Narok na kurudi nyumbani wikendi tu. Aliuona ufugaji huo kwenye simu, akawaka hamu. Nyuma ya nyumba akajenga tangi la mawe na simiti, urefu wa kiuno, akatia tilapia. Kando yake akajenga kitalu cha kokoto, akapanda sukuma na spinachi, akamwaga humo minyoo wekundu kutoka kwa samadi ya ng'ombe wa mama yake kule Kabazi. Pampu ilivuta maji machafu ya samaki ikayamwaga kwenye kokoto, minyoo wakala uchafu, mboga zikanywa mbolea, maji yakarudi kwa samaki yakiwa safi.

"Hakuna kitu inatupwa," Jamleck aliwaambia wageni. "Ni kama jikoni kwa mathe yangu."

Shida ilikuwa waya. Waya wa umeme wa pampu ulikuwa mfupi, haukufika kwenye taa ya sekyuriti iliyokuwa ukutani. Jamleck akaurefusha kwa kipande kingine, akafunga kiungo kwa nailoni na selotepu, akakizika chini ya kokoto ili mvua isikipate. Kweli, mvua haikukipata. Ila maji ya pampu yalipita papo hapo mchana na usiku. Na kule juu aliunga moja kwa moja, bila swichi, hata taa yenyewe ikawa haizimi, inashindana na jua.

"Fundi wa stima atakuja kuweka kitu ya maana," alisema akipakia mkoba wake garini.

"Lini, Baba Lewis?"

"Tukimaliza kuvuna."

Viazi vikavunwa, vikauzwa, vingine vikapandwa. Fundi hakuonekana.

Minyoo ndio walianza. Asubuhi moja Wamuyu alienda kukata sukuma akawakuta wamepanda ukingo wa kitalu, wananing'inia kama nyuzi za sweta iliyofumuka. Akawarudisha kwa kijiko. Kesho yake walikuwa wengi zaidi, wamemwagika simitini hadi kuku walishiba wakawaacha. Samaki nao walijazana kona ya mbali na pampu, vichwa ukutani kama watoto waliokemewa. Wamuyu alipotia mkono kuwatawanya, kitu kikamchoma vidoleni, kidogo tu, kama jani la thabai linalowasha. Miguuni alikuwa na gambuti zake za mpira, kama kawaida. Akakung'uta mkono, akamwita Cheruto, jirani yake.

"Samaki wananiuma, Mama Kibii."

"Tilapia gani huyo ako na meno?" Cheruto alicheka, halafu akainama kuangalia minyoo, asicheke tena. "Kwetu ukiona siafu wanabeba mayai, unaanua mahindi. Mdudu hahami bure. Kuna kitu inamfukuza."

"Kitu gani?"

"Sasa mimi nalala chini ya kokoto na wao?"

Jumapili, Jamleck akiwa amebaki shambani, stima ilipotea kutwa. Siku hiyo minyoo walitulia, samaki wakatawanyika tangi zima, na Wamuyu alipotia mkono hakuumwa. Akasema ni baraka ya siku ya Bwana, akaendelea kupika. Usiku stima ilirudi, na Jumatatu minyoo walikuwa tena ukutani.

Habari hiyo ilizunguka mtaa kuliko mbwa koko. Ilipomfikia Mama Cate, kiongozi wa fellowship ya maombi ya Alhamisi, minyoo walikuwa wameshakuwa nyoka wadogo na maji yalikuwa yanatoa sauti. Mama Cate hakuwa mtu wa kubembeleza pepo.

"Mama Lewis, mlango wako uko wazi sana," alimwambia. "Watu wote hawa wanakunywa chai yako, si mmoja alikuja na mkono mbaya? Kuna kitu ilitupwa kwa hayo maji. Alhamisi tunakuja kuyaombea."

Wamuyu alifurahi. Aliogopa, ndiyo, lakini nyumba ingejaa.

Alhamisi wakaja, wamefunga vilemba, thamosi zikapangwa mezani, TV ikiimba nyimbo za sifa sebuleni. Uani, minyoo walikuwa wametapakaa simitini, na maji yaliyofurika kitaluni yalikuwa yamelowesha sakafu yote kuzunguka tangi.

"Vueni viatu," Mama Cate akaamuru. "Tunasimama mbele za Mungu."

Viatu vikapangwa kando ya ukuta. Wamuyu naye akavua gambuti zake. Akina mama wakashikana mikono kulizunguka tangi, miguu mitupu majini, wakaimba mpaka mabati yakaitikia. Mama Cate akapandisha sauti:

"Malaika aliyeshuka Bethzatha akatibua maji, ashuke hapa! Tieni mikono!"

Na yeye akawa wa kwanza, akazamisha mkono hadi kiwiko. Hakuna kilichomchoma. Samaki walikuwa wakiogelea kila mahali, wametulia. Pale kitaluni, mnyoo mmoja alikuwa akijisukuma kurudi chini ya kokoto.

"Wanarudi!" mtu alipiga kelele. "Bwana asifiwe!" Mikono ikaanza kuingia majini mmoja mmoja.

Wamuyu, machozi yakimlenga, alikimbilia ndani kuleta vikombe, maana muujiza bila chai ni muujiza gani? Sebuleni TV ilikuwa nyeusi. Akasema moyoni, mtu mwenye adabu ameizima. Akafungua friji kutoa maziwa. Giza. Akageuka polepole kutazama dirishani, juu ya ukuta. Ile taa isiyozimika ilikuwa imezimika.

Jumapili ikamrudia. Stima kutwa hakuna, minyoo kimya, vidole havijachomwa. Kisha akaona akilini selotepu ya Jamleck, na kokoto juu yake, na maji juu ya kokoto, na wale wanawake wameshikana mikono. Stima ya Kiamunyi hupotea bila kuaga na hurudi vivyo hivyo. Sanduku la mita, penye swichi kuu, lilikuwa na kufuli, ufunguo uko Mau Narok.

Akatoka mbio. "Toeni mikono! Tokeni kwa maji! Ni stima!"

"Mnasikia?" Mama Cate hakufumbua hata macho. "Hiyo sauti si ya Mama Lewis. Pepo ameguswa, anapiga kelele. Shikaneni zaidi!"

Wakashikana zaidi. Kadiri Wamuyu alivyolia ndivyo walivyoomba, na wawili wakaanza kumwekea mikono kichwani. Akajipapatua, akasimama katikati ya ua akihema. Watu hawa aliwajua. Alikuwa amewalisha umbea miaka mingi. Akavuta pumzi.

"Woiye!" akapayuka. "Mama Shiko anahama! Probox iko geti! Anapakia mpaka godoro!"

Mikono ilitoka majini kama moto umewashwa chini. "Ati godoro?" Cheruto alikuwa wa kwanza kufika getini, wengine nyuma yake, peku, vilemba vikianguka.

Alibaki Mama Cate peke yake, macho amefumba, akinena kwa lugha, mkono mmoja ndani.

Wamuyu hakumwita tena. Alimkumbatia kiuno kwa nyuma, akamng'oa kama mhogo, wakaanguka wote wawili kwenye nyasi.

Juu ya ukuta taa ikawaka.

Pampu ikakohoa, ikaanza kuvuma. Samaki wakajirusha wote kwa pamoja hadi ile kona ya mbali, na wawili wakageuka matumbo juu. Mama Cate, kilemba kimemfunika jicho, alitazama kokoto zikitikisika, minyoo wakichomoza kila upande.

"Pepo amerudi," akanong'ona.

"Ni stima, Mama Cate. Ni waya wa Jamleck."

Geti likalia. Cheruto alikuwa anarudi, anacheka, mkono umejaa matope kwa kuteleza njiani. "Mama Lewis, wewe ni mwongo wa kutupwa! Mama Shiko ako ndani anakaanga chapati!" Akaja moja kwa moja tangini, peku kwenye ile simiti yenye maji, akainama anawe.

Wamuyu alifungua kinywa. Sauti ilikuwa imekwisha, yote ameimaliza kwa uongo.

Mkono wa Cheruto ulikuwa karibu kugusa maji aliposimama. Alikuwa anaangalia chini. Minyoo walikuwa wakipita katikati ya vidole vyake vya miguu, wengi, haraka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akienda upande wa tangi.

Kicheko kikamkauka. Alivuta mkono taratibu akaukunja kifuani, akaanza kurudi kinyumenyume, akifuata minyoo walikoelekea.