Fyuzi ya Sikio la Mama

"Waya mmoja tu badala ya fyuzi! Unyoya wa waya! Unganisha huku na huku, mama avae, twende zetu!"

"Na kifaa kikiwaka moto mfukoni mwake, utauzima kwa mate?"

Fundi hakuinua macho. Tangu asubuhi kaka yake alikuwa amesimama mbele ya meza ya kazi, akimzibia mwanga wa dirisha na kumfundisha kazi aliyoisomea miaka mitatu. Kati yao kililala kifaa cha kusikilizia cha mama yao: kijisanduku cha kushika mkononi, kimechubuka pembe zote, chenye waya wa kupeleka sauti masikioni. Mama alikiita "sikio langu". Kila alipoletewa cha kisasa, kile cha kupachika ndani ya sikio, alikirudisha akisema hajafikia kutiwa mdudu.

Saa tisa mama alikuwa na miadi kwa daktari wa macho. Majibu ya vipimo yalikuwa tayari, na alitaka kuyasikia mwenyewe.

"Hata kisipopona si neno," kaka akasema, sasa kwa upole. "Nitaingia naye mimi. Nitamsikilizia."

"Kama mara ile?"

Mara ile daktari alisema jicho la kushoto linakufa. Kaka akamwinamia mama na kumpazia sauti kwamba kila kitu kiko sawa. Mama aliujua ukweli miezi minne baadaye, alipomimina chai kando ya kikombe.

"Nilimwonea huruma."

"Najua, kaka. Lakini huruma yako ilimlia miezi minne ya dawa. Na sikio lenyewe nani kaliua? Wewe, na chaja yako ya mashine ya ndevu!"

"Iliingia vizuri."

"Hata mguu wa kushoto huingia kwenye kiatu cha kulia."

Fyuzi ilikuwa imetimiza wajibu wake: imekatika ili vingine vipone. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele, imelehemiwa kwenye bodi, na mgongoni ilikuwa na herufi moja ya kuonyesha kiasi cha umeme inachoweza kuvumilia. Jana fundi alizunguka maduka matatu. La kwanza walimletea za gari. La pili walimpa ya kioo, kubwa kiasi kwamba ingebidi kifaa kiwekwe ndani ya fyuzi. La tatu muuzaji alicheka: "Dada, vitu hivi siku hizi havitengenezwi, vinatupwa." Kuagiza ni wiki tatu.

Kaka akanyoosha kidole kwenye rafu. "Toa kwenye simu ile. Mwaka mzima ipo hapo, mwenyewe kashasahau."

"Kasahau yeye, sijasahau mimi. Cha mtu ni cha mtu."

Mezani redio ilikuwa ikitoa taarifa ya habari, redio ndogo ya mkononi ya fundi, aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Miaka kumi na tisa ilikuwa imemchangamsha mezani hapo. Wateja walimtania kwamba siku ikizimika atasahau hata jina lake. Ilitoka kiwanda kimoja na sikio la mama, miaka ileile. Aliwahi kuifungua mara mbili. Alijua kilichomo tumboni mwake tangu jana, kabla ya duka la kwanza. Maduka yale matatu alikuwa anayazungukia kusudi asilazimike kukitoa.

Saa ya ukutani ilionyesha saba na nusu.

Akaizima redio katikati ya sentensi. Skrubu nne, kifuniko chini. Akaweka kioo cha kukuzia jichoni: fyuzi yenye herufi ileile. Akaigusisha mita ya umeme, ikalia pii. Nzima.

"Mdogo wangu! Redio yako!"

"Shika tochi, acha kuhubiri."

Chuma cha kulehemu kilikuwa kimeshapata moto. Akaing'oa fyuzi kwa kibano, akaihamishia kwenye sikio la mama bila kupumua, akaibana, akalehemu upande mmoja, kisha wa pili. Akafunga kifaa, akakiwasha. Taa nyekundu ikafumbua jicho.

Mama alikuwa chumba cha pili, amevaa viatu vya safari tangu alfajiri. Fundi alimvisha waya masikioni, akazungusha kitufe polepole. Mama akainamisha kichwa, akatega.

"Mbona nyumba kimya? Redio yako haisemi leo?"

"Umeivaa, mama. Inuka, twende kwa daktari. Kaka atatusubiri nje."