Umeme wa Asiyelalamika

Kila tarehe tano ya mwezi mwenye nyumba, bwana Liang, hupanda ngazi mpaka ghorofa ya sita na tochi mkononi, akasoma mita iliyo juu ya mlango wa Haidar, akaandika namba kwenye kiganja chake kwa kalamu ya bluu. Wapangaji wote humwita laoban, yaani bosi, isipokuwa Dalila, mke wa Haidar, ambaye humwita Bwana Mita. Umeme anaununua kwa bei moja na kuwauzia wapangaji kwa bei nyingine. Ghorofa ya saba ameijenga kwa tofauti hiyo, na mwenyewe hafichi.

Haidar ni mfanyabiashara wa nguo za watoto. Huzinunua soko la Shisanhang, huzipanga chumba cha pili mpaka zikatosha kujaza fungu lake la kontena, ndipo wakala wa mizigo anapozipeleka bandarini Huangpu. Sikukuu ya Mfunguo Mosi ilikuwa imepita siku chache tu, naye ameshaanza kukusanya magauni ya Mfunguo Tatu, maana wateja wake wa Unguja hawasikii habari ya meli kuchelewa. Tatizo lilikuwa msimu. Mwisho wa mwezi wa tatu kuta za Guangzhou hutoka jasho. Maji huteremka kwenye vigae, vioo havioneshi uso, na nguo hushika kuvu kwa siku mbili. Mashine mbili za kukausha hewa zilikuwa zikinguruma chumbani bila kupumzika, na laoban aliposoma mita tarehe tano iliyofuata, namba zilivuka kiganja zikafika kwenye kifundo cha mkono.

Aliyemwambia habari za kampuni nyingine ya umeme ni Adhiambo, Mkenya wa ghorofa ya tano aliyekuja na skolashipu kusomea uhandisi wa maji.

"Si uhame tu?" alisema. "Mi nilihama January. Stima ni ile ile, bei nusu."

Wakala wa kampuni hiyo ni mwanamke mwenye kofia ya jua, anayekaa nyuma ya meza ya kukunja chini ya daraja la waenda kwa miguu la Xiaobei, kati ya muuza laini za simu na fundi wa vioo vya simu. Haidar alitoa jina, namba ya pasipoti na picha ya uso. Hakuja fundi, wala hakukuvutwa waya. Alasiri ile mita ya laoban ilisimama na taa za nyumbani zikaendelea kuwaka. Laoban alipokuja aliigonga kwa ukucha, akasema "mei you", hakuna, akashuka kwenda kusoma mita za wengine.

Siku ya nne ya umeme mpya, saa tano asubuhi, Dalila alifungua friji kutoa samaki akakuta barafu za ukwaju arubaini na mbili.

"Haidar, barafu za nani hizi?"

Haidar alikuja akatazama. Zilikuwa kwenye vifuko vyembamba, kila kimoja kimefungwa kwa uzi wa cherehani mizunguko mitatu, kazi ya mtu asiyewaamini watoto.

"Za Bimdogo," alisema.

"Zimefikaje?"

"Sijui. Zimefika."

Walikula mbili mbili, nyingine wakampelekea Adhiambo.

Bimdogo ni dada yake Haidar, na jina lake lisikudanganye, yeye ndiye mkubwa wao. Anakaa Magomeni, Unguja. Kwa miaka ishirini na mbili amekuwa akiuza barafu kwenye lango la skuli, na ni barafu hizo zilizomsomesha Haidar na kumkatia tiketi yake ya kwanza ya ndege. Wajomba walichanga maneno. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na walipokuwa wakisema hivyo nadhani walikuwa wakimtazama mtu kama Bimdogo.

Ijumaa alipiga simu, kama kawaida yake.

"Friza inanichezea," alisema. "Jioni naijaza, alfajiri nikitoka kusali naikuta tupu. Na umeme nikiununua Jumatatu, Jumatano hakuna. Jirani zangu wote wanao. Fundi kaja, kabadilisha waya, kachukua chake, kasema haoni kitu. Watoto wanatoka mapumziko mimi sina cha kuwauzia. Nyinyi hamjambo? Mnakula vizuri?"

Haidar ilibidi aisogeze barafu kwenye shavu la pili ndipo aweze kujibu.

"Tunakula vizuri, dada," alisema.

Alipokata simu aliitema ile barafu kwenye sinki, akasimama akiitazama inavyoyeyuka. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda masikioni. Kisha akavaa viatu akaenda darajani.

"Umeme wenu mnautoa wapi?" alimuuliza yule mwanamke.

"Inategemea mteja. Kila mteja ana mtu wake."

"Mtu gani?"

"Asiyelalamika," alijibu, akimpangia karatasi mteja mwingine. "Kampuni nyingine zinatumia pesa nyingi kusikiliza malalamiko. Zina ofisi, zina wafanyakazi, zina namba ya simu ya bure. Sisi hatuna. Ndiyo maana bei yetu iko chini."

Alimwonesha kwenye simu. Ilikuwa picha ya Bimdogo amesimama kwenye lango la skuli na ndoo yake yenye mfuniko, anaangalia pembeni kama mtu anayesubiri kengele.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," alisema Haidar.

"Mtu mzuri sana," alisema yule mwanamke, na sauti yake ilikuwa na heshima. "Wa wengine hukatikakatika. Huyu hajakatika hata mara moja."

Haidar aliuliza kama anaweza kujitoa. Alijibiwa kwamba anaweza siku yoyote, saa yoyote, hakuna faini, arudi tu kwa mwenye nyumba. Alikuwa amejiandaa kugombana, na sasa hakuwa na wa kugombana naye. Alisema atasubiri kwanza mzigo uondoke.

Njiani kurudi alikutana na Adhiambo, akamweleza. Adhiambo hakushangaa.

"Yangu inatoka kwa bro yangu, ana kinyozi Kisumu," alisema. "Nikiwasha taa nisome, mashine yake inazima. Kila asubuhi nafagia nywele za watu chini ya meza. Msee anatoka hapo amenyolewa upande mmoja, anaambiwa arudi kesho."

"Na wewe unafanyaje?"

"Nasoma haraka."

Dalila alikuwa na rai yake. "Tuweke jina langu," alisema. "Kwa nini kila siku dadako? Na mimi nina watu."

Waliweka jina lake Jumapili asubuhi. Taa hazikuwaka. Walisubiri nusu saa, wakasubiri mpaka adhuhuri, wakajaribu swichi moja moja. Mashine za kukausha hewa zilinyamaza na kuta zikaanza kutiririka.

"Mama je?" Dalila aliuliza.

"Mamako hulalamika hata akiletewa zawadi."

Dalila alicheka, maana ni kweli. Kisha akaingia chumba cha magauni akafunga mlango, na alipotoka macho yalikuwa mekundu na mkononi ameshika magauni sita yenye madoa ya kuvu. Alimpa Haidar. Kabla ya magharibi walikuwa wamerudisha jina la Haidar, na taa ziliwaka zote kwa pamoja.

Dhamiri ilimsumbua Haidar, hakulala vizuri, na kama mtu yeyote ambaye dhamiri inamsumbua na mfuko umetuna, alituma pesa. Alimtumia Bimdogo sehemu kubwa ya alichookoa. Bimdogo alimwombea dua ndefu kwenye simu, Mungu amzidishie, amfungulie milango. Halafu akaenda sokoni na pesa ile, akanunua ukwaju na sukari, na vifuko vipya. Keshokutwa yake saa tano asubuhi kulikuwa na barafu sitini kwenye friji, na samaki wamesukumwa mpaka mlangoni.

Kontena liliondoka Huangpu katikati ya mwezi wa nne. Haidar alisema atarudi kwa laoban baada ya wiki, apumue kidogo kwanza. Kisha joto likaanza, ikabidi kiyoyozi kiwashwe. Kisha akaanza kukusanya sare za skuli kwa ajili ya muhula mpya, maana biashara haikungoji. Kila asubuhi alijiambia leo, na kila saa tano alifungua friji.

Mwezi wa tano mwishoni alipiga simu. Huku ilikuwa saa tisa alasiri, kule saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Alitegemea kusikia kelele za watoto. Alisikia ukimya wa uani, na kuku mmoja.

"Dada, leo huko langoni?"

"Siendi tena. Watoto wamemzoea mwanamke mwengine, friza yake inagandisha. Na ni jirani mzuri tu, sina neno naye."

"Sasa unaishi vipi?"

"Naishi."

Basi Haidar alimwambia. Alimwambia habari za meza ya kukunja, za picha, za kampuni isiyo na namba ya malalamiko. Alimwambia kwamba amejua tangu mwezi wa nne na amenyamaza, kwamba kila alipokuwa akiombewa dua alikuwa akitamani ardhi ipasuke. Alilia, na hakujali Dalila anamsikia. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya mwiko unakoroga kitu kwenye ndoo, taratibu, na haukusimama.

"Nilidhani ni wewe," Bimdogo alisema alipomaliza.

"Ulijuaje?"

"Mwizi angeniachia japo moja."

Mwiko uliendelea kukoroga.

"Zinafika zimeganda?" aliuliza.

"Zimeganda."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa nna wasiwasi na safari. Na sukari?"

Haidar alikuwa na sentensi yake tayari. Alikuwa ameifanyia mazoezi bafuni tangu asubuhi: dada, kesho narudi kwa mwenye nyumba. Ilikuwa fupi na alikuwa ameikubali. Nje jua lilikuwa kali kiasi kwamba lami ilinuka, na juu ya kichwa chake kiyoyozi kilikuwa kikitoa hewa baridi, safi, isiyokatika.

"Haidar? Nakuuliza sukari."

"Ongeza kidogo," alisema.

"Haya," Bimdogo akasema.

Kesho yake zilikuwa themanini, na sukari ilikuwa imekolea.