Kicheko cha Mke wa Kinyozi

Vidole vya daktari vilipapasa shingo ya mgonjwa, visikute kitu. Tezi zilizokuwa zimevimba kama kokwa chini ya taya zilikuwa zimenywea. Kinyozi, mume wa mgonjwa, hakuweza kujizuia.

"Dawa imeshika! Sasa jiandaeni, ubishi wake unarudi nyumbani."

Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, akacheka. Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu nao.

"Saratani ya tezi imerudi nyuma kweli. Lakini ile sampuli tuliyochukua kwenye utumbo imetoa majibu. Nayo ni saratani."

"Ile ile imehamia tumboni?" kinyozi aliuliza.

"Hapana. Hii imeanza yenyewe. Haina undugu na ile."

Mwanamke aliinamia viganja vyake. "Kumbe mgeni wa kwanza hajaaga," alisema taratibu, "na wa pili kaingia bila hodi."

Kinyozi aliishi kwa mdomo kama alivyoishi kwa wembe. Aliyeingia kibandani kwake na majonzi alitoka akitabasamu. Miezi yote ya dripu alimtibu mkewe vivyo hivyo. Walipofika nyumbani akaanza tena:

"Hao wageni wako, tuwatoze kodi..."

"Nyamaza, baba watoto."

"Nakuchangamsha tu."

"Najua. Muda wote huu nimecheka ili wewe usivunjike. Leo nimechoka kukubeba."

Maneno yale yalimkata maini. Alidhani yeye ndiye mbebaji. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaingie, walilia pamoja bila kufichana nyuso.

Mkewe alipasuliwa, uvimbe wa utumbo ukatolewa. Lakini ili kidonda kipone, ilibidi dawa za tezi zisimamishwe. Ugonjwa wa kwanza haukungoja.

Alasiri moja, akimkanda mkewe kwa maji ya vuguvugu, kinyozi aligusa donge la tezi chini ya sikio. Mkono wake ukasita. Mzaha ulimjia hadi ncha ya ulimi, akaumeza.

"Limerudi," alisema.

"Nimelijua tangu juzi."

"Naogopa, mke wangu."

Mwanamke alimtazama kitambo, kama mtu anayemwona mwenziwe akirejea kutoka safari ndefu. Kisha, kwa taabu, akasogea ukutani kumpa nafasi kitandani.

"Hata mimi," alisema. "Njoo."