Maji ya Baridi

Kisima cha Jabez kiliingia chumvi mwezi wa Desemba, na aliyekiharibu ni Jabez mwenyewe.

Kabla ya hapo kilikuwa na maji mazuri, ila machache. Yalitosha kupikia na kunyweshea vitalu vya mchicha vya mkewe, Rosebella, basi. Walikuwa wamehamia Kililana, huko pwani, kutoka Meru, wakamwacha binti yao Gakii, wa miaka sita, kwa nyanya yake mpaka mahali pakalike. Rosebella alishasema neno lake: mtoto haji mahali pa kupimiana maji kwa kikombe. Kwa hiyo Jabez alitaka maji mengi kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Jumapili moja mhubiri alisoma habari za yule mwenye busara aliyejenga nyumba, akachimba chini sana. Jabez alirudi nyumbani na hayo maneno matatu, mengine yote akayaacha kanisani. Kesho yake akashuka kisimani na sururu.

Jirani yao Bi Thuraya, mzaliwa wa Mbwajumali aliyeolewa Kililana, alikuja akachungulia.

"Bwana Jabez, komea hapo. Mai baridi yako yuu. Ukishuka sana utayapita."

Jabez alicheka huko chini. "Bi Thuraya, mimi sitafuti maji baridi. Hata yakiwa moto tutayanywa, bora yawe mengi."

Bi Thuraya akamgeukia Rosebella. "Mumeo ataka kisima au ataka chai?"

"Mwache, Bi. Akishashika kitu huyo, hata mimi hanisikii."

Bi Thuraya hakubishana, akaenda zake. Kwao, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Kwa Jabez, maji baridi ni maji baridi, na huko kwao mlimani kadiri unavyochimba ndivyo yanavyozidi ubaridi. Aliona mama wa watu amechanganyikiwa. Angeuliza angeambiwa. Hakuuliza.

Siku chache baadaye maji yalimfika magotini, akaimba. Rosebella alinyweshea bustani nzima, hata mipapai, bila kuonja. Chai ya jioni ndiyo iliyowaambia. Wiki haikuisha kabla majani ya mchicha hayajaungua pembeni, na mipapai nayo ikaanza kupukutika.

"Neno linasema alichimba," Jabez alisema. "Nami nimechimba."

Rosebella hakumpigia kelele. Alikaa karibu naye kwenye jiwe la kufulia, bega kwa bega.

"Yule wa kwenye Neno alikuwa anautafuta mwamba, baba Gakii. Alipoufikia aliacha kuchimba. Wewe ulitafuta maji, na ulikuwa umesimama ndani yake."

 Jabez akainuka, akaenda kwa Bi Thuraya, akavua viatu mlangoni.

"Bi, nimekuwa mpumbavu. Kila asubuhi namwomba Mungu hekima. Ameileta mpaka ukingoni mwa kisima, nikaicheka kwa sababu ilikuja imevaa buibui."

"Na buibui lenyewe kuukuu," alisema Bi Thuraya. "Keti, unywe mai kwanda."

Alipomaliza kunywa, akaelezwa. Chini ni bahari, na maji matamu yameelea juu yake, tabaka jembamba tu. Arudishe mchanga mpaka pale alipoanzia, kisha asikiguse kisima, angoje masika. Huenda kikatengemaa, huenda kisitengemae. Kwa sasa wateke kwake, na yeye Bi Thuraya asisikie habari ya kulipa.

Jioni hiyo Jabez alimpigia Gakii simu mwenyewe. Hakumwachia mkewe kazi hiyo.

"Hutakuja sasa hivi, mama. Baba amekosea."

"Umekosea nini?"

"Nimechimba kisima sana."

Gakii akafikiri kidogo. "Si urudishe mchanga?"

"Naurudisha," alisema Jabez, akaishusha simu. Rosebella akaichukua simu, mkono wake mwingine ukabaki mgongoni mwa mumewe.

Kisima kilitengemaa polepole, baada ya masika. Gakii alikuja Januari iliyofuata.

Vitalu vyote vya mchicha viliisha. Mipapai yote ilikufa. Na mwaka mmoja wa Gakii, ule aliojifunza kusoma na akang'oka meno ya mbele, aliumaliza kwa nyanya yake, na wazazi wake hawakuuona.